Unampeleka mama kuwekewa meno bandia? Pitia hapa kabla hujatoa hela

Mama yangu ana seti mbili za meno. Moja iko kabatini kwenye kopo tupu la kahawa, imeviringishwa kwenye leso, haijawahi kutafuna hata ubwabwa. Nyingine anayo mdomoni hapa navyoandika, anakula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi na kila baada ya dakika mbili ananiuliza we mtoto unaandika nini. Ile ya kabatini tulilipia Jumatatu tukapewa Alhamisi. Hii ya mdomoni ilichukua karibu miezi minne na safari nane za bajaji. Kwahiyo kama mna mzazi, bibi, au hata ni wewe mwenyewe unawaza meno bandia, ntaeleza tulivyofanya, pamoja na pale tulipochemka.

Tulichemka mwanzoni kabisa. Mi nilianza kwa kuuliza "bei gani", nikazunguka nikapata sehemu ya bei ndogo, jamaa akaingiza trei mdomoni mara moja tu, akachukua alama ya umbo la fizi, akasema njooni Alhamisi. Mama alikuwa amebakiwa na chonge mbili za chini tu, jamaa akataka azing'oe "tumalize kabisa", mama akagoma, bora aligoma. Meno yalipokuja ya juu yalikaakaa, ya chini yakawa yanaelea, akipiga chafya yanatoka. Tukarudi, tukaambiwa "utazoea tu mama". Hakuzoea, ikabidi aendelee na uji na ndizi mbivu, na kwenye misiba alikuwa anaondoka kabla ya chakula hakijapakuliwa, na mi wala sikujua sababu mpaka dada yangu aliponiambia.

Kitu nilichokuja kukielewa baadae ni kwamba meno bandia hayanunuliwi kama miwani ya jua. Yanatengenezwa kidogo kidogo mdomoni mwa mtu, alafu yanaendelea kurekebishwa hata baada ya kuyavaa, kwahiyo unachokitafuta hasa ni watu ambao watakupokea ukirudi mara ya sita na bado wakakuchangamkia.

Kuchagua kliniki

Kliniki tuliyoipata mara ya pili ni ndogo, ya familia, vyumba vitatu, iko chini kwa hiyo hamna ngazi (usidharau hili, magoti ya wazee unayajua). Dada wa mapokezi alimwambia mama shikamoo kabla hajaniangalia mimi mwenye simu ya kulipia. Daktari alivuta kiti akakaa usawa wa mama, akashusha barakoa ndo akaanza kuongea, sababu mama masikio yamepungua na anasikia kwa kuangalia midomo, na nadhani aligundua hilo ndani ya nusu dakika. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu meno, alimuuliza "mama unatamani kula nini?" Mama akajibu bila kufikiri, nyama ya mbuzi. Akaandika kwenye faili, kweli kabisa, nilichungulia.

Jingine dogo lakini mi ndo lilinimaliza. Mama hataki mtu amuone akiwa kibogoyo, akivua meno anajifunika na kanga. Nesi alivuta pazia, akanigeukia akasema "kaka tusubiri nje kidogo." Mi mwanae nikatolewa nje! Na mama alitoka pale kachangamka kuliko alivyoingia.

Kwahiyo siku ya kwanza nenda kaangalie, wanaongea na mzee au wanaongea na wewe juu ya kichwa chake. Alafu uliza mambo haya bila aibu: itachukua safari ngapi (wakikwambia moja au mbili kwa seti kamili mpya, ondoka), kuna siku ya kujaribu meno yakiwa kwenye nta kabla hayajapikwa kuwa plastiki ngumu, meno yanatengenezwa na fundi gani na yuko wapi, na nikirudi na kidonda nalipia upya au imo kwenye bei. Hili la mwisho ndo la kulikazania. Bei ndogo ambayo kila kurudi unatoa hela inaishia kuwa kubwa, na mbaya zaidi mzee anaanza kukuonea huruma mfuko wako, anavumilia maumivu kimya kimya.

Na angalia leseni. Kwa hapa Tanzania daktari wa meno anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na daktari wa kweli hakasiriki ukiuliza. Fundi wa maabara ya meno ni mtu muhimu sana, ndo mwenye mkono, lakini kazi yake ni kutengeneza, kupima mdomo na kuona kama kuna ugonjwa ni kazi ya daktari. Wale wa kuzunguka na kibegi mitaani wanaweka meno siku hiyo hiyo, wengine wanayagandisha kabisa na meno mazima ya pembeni usiweze kuvua, achana nao kabisa, chini yake panaoza na utakuja kupoteza na yale yaliyokuwa mazima.

Siku ya kwanza beba dawa zote mzee anazokunywa, zitie kwenye mfuko hivyo hivyo. Sukari, presha, dawa za kuzuia damu isigande, zote waambie, na asiache dawa yoyote mwenyewe eti kwa sababu anaenda kung'oa jino, hilo waachie madaktari waelewane. Kama kuna picha ya zamani anacheka meno yanaonekana ibebe pia, ntakwambia ya nini.

Aina zenyewe

Majina ni mengi ila swali la kwanza ni moja tu, kuna meno yamebaki au yameisha yote?

Yakiisha yote ni seti kamili, juu na chini, plastiki ngumu ya akriliki yenye rangi ya fizi na meno juu yake. Ya juu inafunika kaakaa lote na inashika kwa kunata, mate yanakaa katikati kama maji kati ya vioo viwili, ukijaribu kuvitenganisha unaona kazi yake. Ya chini haina bahati hiyo. Pa kukalia ni pembamba, kama kiatu cha farasi, ulimi uko katikati unasukuma muda wote, alafu mfupa ukishakosa meno unaisha, unapungua haraka zaidi mwaka ule wa kwanza na unaendelea kidogo kidogo maisha yote, na taya la chini linaisha karibu mara 4 kuliko la juu. Ndo maana mtu aliyekaa kibogoyo miaka 15 hata fundi awe hodari vipi ya chini itamsumbua. Mkiambiwa hivyo sio kwamba mnatishwa.

Yakiwa yamebaki machache inatengenezwa ya sehemu, inayoshikilia kwenye hayo yaliyopo. Ya akriliki ndo nafuu kuliko zote, inarekebishika, na jino jingine likitoka baadae wanaongezea humo humo. Ya chuma (kobalti na kromu) ni nyembamba na imara, ina vikulabu vinavyokumbatia jino, na mama anasema anasikia joto la chai vizuri, kwenye plastiki chai yote ilikuwa sawa tu. Bei imepanda ila inadumu. Sisi tulichukua mchanganyiko, juu akriliki kamili, chini chuma iliyoshikilia zile chonge mbili ambazo jamaa wa kwanza alitaka kuzing'oa. Daktari alivyoziona alisema hizi ndo nguzo, tutazitunza kama mayai.

Kuna zile laini za nailoni zinazopinda, mtandaoni zinasifiwa mno sababu hazina chuma kinachoonekana. Kwa pengo la jino moja mawili mbele ni nzuri, zinapendeza kweli. Ila zikilegea ni ngumu kuwekwa bitana upya (tabaka jipya upande wa ndani unaogusa fizi) na zikikatika kuzitengeneza ni shughuli, na kwa mtu aliyebakiwa na meno mawili zinazama kwenye fizi. Maoni yangu, watu wengi wanauziwa hizi kwa ajili ya picha.

Kuna na daraja, hili halivuliwi, wanapunguza meno mawili ya pembeni ya pengo wanayavalisha kofia na jino la katikati linaning'inia hapo, kwahiyo jiulize kama uko tayari meno mazima yasagwe kwa ajili ya lililokufa. Na kuna vipandikizi, skrubu za titani zinazoingizwa kwenye mfupa na mfupa unazikumbatia. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa na mtafiti Brånemark kule Sweden mwaka 1965, sio kitu kipya. Wengi wanadhani lazima uweke skrubu kwa kila jino, hapana, kwa mtu asiye na jino hata moja chini skrubu mbili tu mbele zinatosha kuishikilia seti ya kuvua na kuvaa ikatulia kabisa, na wataalamu waliokutana chuo kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 2002 walisema hiyo ndo inapaswa kuwa chaguo la kwanza kwa taya la chini. Shida ni hela, na kusubiri miezi kama 3 mpaka 6 mfupa ushike, na sukari isiyotulia au sigara vinaharibu. Kama ukoo unachangishana kwa ajili ya sherehe, basi na hiki ni kitu cha kuchangishana.

Halafu ile ya papo hapo, inatengenezwa kabla meno hayajang'olewa, unavalishwa siku ile ile ya kung'oa, hutembei na pengo hata siku moja. Ila fizi zikipona zinasinyaa, italegea, lazima iwekwe bitana na mara nyingi baadae utengeneze nyingine. Ukitaka njia ya kawaida, baada ya kung'oa unasubiri fizi zipone, mara nyingi wiki kadhaa mpaka miezi mitatu. Kwahiyo kama kuna sendoff ya mjukuu mwezi wa 12 usije kliniki mwezi wa 11, hesabu kurudi nyuma. Meno mapya siku mbili kabla ya sherehe ni mateso, kila mtu anamwambia mama cheka tukupige picha na yeye fizi zinawaka moto.

Safari zinavyokwenda

Ya kwanza ni kupimwa, picha ya eksirei, kuangalia kama kuna mizizi imebaki chini ya fizi. Alafu alama ya kwanza, trei yenye kitu kama uji mzito wa pinki unaonukia minti, inaganda dakika chache. Mama alikuwa anaogopa hii kuliko kung'oa, alitapika kule kwa jamaa wa kwanza. Nesi alimkalisha wima badala ya kumlaza, akamuinamisha kichwa mbele kidogo, akamwambia vuta hewa puani, sasa inua mguu wa kulia, uangalie, usiushushe mpaka nikwambie. Bibi wa miaka 71 kanyoosha mguu kwenye kiti cha daktari, kitenge kinaning'inia, anaukodolea macho ule mguu kama unataka kumtoroka. Uji ukaganda, trei ikatoka, hajatapika. Ukishika jambo moja kutoka hapa shika hilo la mguu.

Ya pili wanarudia alama kwa trei iliyotengenezwa kwa mdomo wake mwenyewe, hii ndo inayofanya seti inate na ndo hatua ambayo wa bei rahisi wanairuka. Ya tatu ni nta, anang'ata vipande vya nta wapime urefu wa kufunga mdomo. Wakikosea hapa uso unakaa kama umejaa maji mdomoni au kinyume chake, kidevu kinakaribia pua.

Rangi nayo inachaguliwa siku hizo. Daktari analeta vijino vimepangwa kama feni, kila kimoja na herufi na namba. Sasa mama amezaliwa na kukulia Arumeru, Arusha, na mnajua maji ya kule, fluoride imezidi, shirika la afya duniani limeweka kikomo miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima vya kule vinapita mbali sana, kwahiyo chonge zake ni za kahawia tangu utotoni na hamna dawa ya meno itakayozitoa. Nesi alimpeleka dirishani kwenye mwanga wa jua, sio chini ya taa, wakaweka kijino kimoja kimoja karibu na chonge. Mi nilikuwa nashabikia nyeupe. Mama akanikatisha, "nikirudi Usa River na haya watajua ni ya duka." Akachukua iliyofifia, fundi akaipaka na ukahawia kidogo pembeni. Hakuna aliyegundua mpaka leo isipokuwa majirani aliowaambia mwenyewe.

Ya nne ndo muhimu, meno yako kwenye nta bado, yanaweza kusogezwa. Hapa ndo unatoa ile picha ya zamani. Mzee ajiangalie kwenye kioo kikubwa, acheke, aongee, na wewe nyamaza. Daktari alimwambia mama ahesabu kuanzia sitini mpaka sabini, sababu s zimejaa humo, yakiwa marefu zinagongana au zinapiga mluzi. Sitini na sita ikapiga mluzi. Wakasogeza, akarudia, ikakaa. Kama kuna kitu hakimpendezi asitoke pale kwa heshima ya "sawa tu daktari", wazee wetu wana tatizo hilo, kikishapikwa plastiki kinabaki hivyo. Ya tano unapewa.

Wiki za mwanzo

Mwambie ukweli mapema. Mate yatajaa, mdomo utahisi una kijiko ndani, na hata akizoea nguvu ya kutafuna haitafika nusu ya ile ya meno ya kuzaliwa. Aanze na vitu laini, wali, ndizi, samaki aliyetolewa miba, akate vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa wakati mmoja ili seti isiinuke upande mmoja. Asing'ate na meno ya mbele, mahindi ya kuchoma anapukuchua kwa mkono. Kuongea kunarudi kwa kusoma kwa sauti, mama alikuwa anasoma Zaburi kila jioni mpaka mtoto wangu akazikariri.

Kidonda kitatokea, karibu kila mtu anapata. Anaweza akavua apumzike na asukutue kwa maji ya chumvi, ila siku ya kwenda kliniki ayavae masaa kadhaa kabla, daktari anahitaji kuona alama nyekundu ajue pa kusaga. Sisi tulirudi mara tatu, mara ya tatu mi ndo nilikuwa naona aibu, wao wala. Usisage mwenyewe kwa msasa, na yakivunjika usiguse ile gundi ya haraka ya dukani, beba vipande vyote hivyo hivyo. Na kidonda kisichopona wiki mbili baada ya kurekebishwa kionwe na daktari, hata kama hakiumi, saratani ya kinywa inaanzaga kimya.

Gundi ya meno bandia kidogo tu inatosha, na chagua isiyo na zinki, watu waliotumia nyingi kila siku kwa miaka walipata matatizo ya neva. Ukiona tyubu inaisha haraka maana yake seti imelegea, sio kwamba gundi ni mbaya.

Usiku avue. Fizi zinahitaji kupumua, anayelala nayo anapata fangasi, kaakaa linakuwa jekundu chini ya seti. Ayaoshe kwa mswaki laini na sabuni ya maji ya vyombo, dawa ya meno inayakwaruza, na maji yasiwe ya moto yanapindisha plastiki. Aoshee juu ya beseni lenye maji au taulo, yakiteleza yasipasuke. Jiki kwenye chuma hapana. Yakae kwenye maji ya kawaida usiku kucha, yakikauka yanabadilika umbo. Fizi na ulimi navyo vipigwe mswaki, na chonge zake mbili zinasuguliwa asubuhi na jioni, zikioza hizo hata kile chuma hakina pa kushika.

Kila mwaka arudi hata kama hamna shida. Bitana hubadilishwa miaka inavyokwenda kadiri mfupa unavyopungua, na seti yenyewe baada ya miaka kati ya 5 na 10 imeshachakaa. Kwa wenye zile ndogo za jino moja mawili, vueni kabla ya kulala na kabla ya operesheni mwambieni daktari, zinamezwa, na akriliki haionekani kwenye eksirei, wanaweza wakaitafuta na wasiione.

Mbuzi alimla wiki ya saba. Vipande vidogo, ya kuchemsha sio choma, na alimaliza sahani.